Hakimiliki mtandaoni: mwalimu ni mlalamishi, mwalimu ni mshtakiwa

Jumamosi moja niliingia katika kibanda cha huduma za tarakilishi kilicho hatua chache kutoka nyumbani kwangu hapa Section 58, mjini Nakuru. Haja yangu ilikuwa ndogo tu, kutoa nakala mbili za kitambulisho. Kijana mwenye kibanda, ambaye hunisalimu kila asubuhi nikikimbilia matatu ya kwenda mjini, alinivutia kiti akasema: "Mwalimu, kuna mwongozo wa riwaya ya kidato cha nne ambao wanafunzi wanaupigania. Nikutolee? Ukurasa ni shilingi 5 tu, na wewe nitakupunguzia." Akaugeuza uso wa tarakilishi ili nijionee. Kitabu kilikuwa kimepigwa picha ukurasa baada ya ukurasa, na baadhi ya kurasa zilikuwa na kivuli cha kidole gumba cha aliyezipiga. Jina la mwandishi lilikuwa langu.

Sikumwambia. Nililipia nakala zangu za kitambulisho nikaondoka, na usiku huo sikulala vyema.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini nilinyamaza, ilhali mwongozo huo niliuchapisha kwa mkopo wa sacco ambao bado unakatwa katika mshahara wangu. Nilinyamaza kwa sababu mtaani kwetu mimi hujulikana kama mwalimu wa Linux. Kwa takriban miaka 20 nimekuwa nikiwagawia vijana diski na vijiti vya kumbukumbu vyenye programu, nikiwaambia wanakili, wawape wenzao, na wenzao nao wanakili. Yule kijana wa kibandani ni mmoja wa waliowahi kupokea diski mkononi mwangu. Ningemwambia nini?

Hebu nianze mwanzo. Niliajiriwa kufunza Kiswahili, lakini kama ilivyo desturi katika shule nyingi za umma, anayejua kuwasha tarakilishi ndiye hukabidhiwa ufunguo wa maabara. Mnamo 2006 shule niliyokuwa nikifunza ilipewa na wahisani tarakilishi 20 kuukuu, zikiwa tupu kabisa, bila mfumo wa kuziendesha. Suluhisho lilipatikana siku iyo hiyo. Kulikuwa na diski moja ya Windows iliyokuwa ikizunguka kutoka shule hadi shule, kutoka Njoro hadi Bahati, nambari yake ya siri ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya jalada la karatasi. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeinunua. Muhula huo huo wavulana wawili walitumwa nyumbani kwa kunakiliana katika mtihani wa majaribio, na barua ya kuwatuma nyumbani ilichapwa kwa programu ya wizi. Aliyeisakinisha programu hiyo ni mimi.

Mwaka uliofuata virusi viliingia maabarani. Miradi ya watahiniwa wa Somo la Tarakilishi ilifutika zikiwa zimebaki wiki chache iwasilishwe, na msichana mmoja aliyekuwa ameunda hifadhidata nzuri ya zahanati alilia mbele yangu hadi nikaona haya. Programu ya wizi haina mtu wa kulalamikiwa. Huwezi kumwandikia mwenyewe barua umwambie kuwa mali yake uliyoiiba imekuharibikia.

Hapo ndipo rafiki yangu aliponidokezea habari za Ubuntu, aina mojawapo ya Linux iliyoanzishwa mnamo 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la Kizulu na Kixhosa, nalo ni ndugu wa neno letu utu. Katika miaka hiyo, hadi 2011, wasimamizi wake walikuwa wakimtumia diski kwa posta mtu yeyote aliyeomba, bila malipo. Niliomba. Bahasha ilipofika nilidhani nitadaiwa ushuru. Ndani mlikuwa na diski na maneno ya kunisihi nizinakili na kuwapa wengine. Kwa mtu aliyezoea maandishi ya vitisho yanayojitokeza kila uwashapo mashine, hilo lilikuwa jambo geni mno.

Kwa manufaa ya wasiofahamu, Linux ni kiini cha mfumo wa kuendeshea tarakilishi. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, alikitangaza mnamo 1991, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni iliyokuwa imetungwa na Mmarekani Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa GNU wa 1983. Leseni hiyo inamruhusu kila mtu kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuuchunguza msimbo wake, kuurekebisha, na kuwagawia wengine hata kwa kuuza. Sharti ni moja: ukiwagawia wengine, uwape pia msimbo na uhuru ule ule uliopewa wewe. Msomaji anayedhani kwamba jambo hili halimhusu na aitazame simu aliyonayo mkononi. Ikiwa ni ya Android, basi ndani yake mna kiini cha Linux.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakiwemo wanafunzi wangu werevu kabisa. Wao hudhani kuwa watu wa Linux ni maadui wa sheria ya hakimiliki, na kwamba tofauti ya diski yangu na ile diski ya Njoro ni bei tu. Hata kidogo. Lile sharti la leseni linashika kwa sababu Torvalds na maelfu ya wenzake ni wenye hakimiliki. Kampuni ikichukua kazi yao, ikaifungia na kuiuza kama siri yake, sheria ya hakimiliki ndiyo itakayoishtaki. Iondoe sheria hiyo na sharti linabaki ombi tu. Ama kwa upande wetu, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, iliyoanza kutumika mnamo Februari 2003, inazihesabu programu za tarakilishi miongoni mwa kazi za fasihi. Mbele ya jaji, kiini cha Linux, mwongozo wangu na riwaya ninayoifafanua vimewekwa kwenye rafu moja. Mimi mwalimu wa fasihi hufurahia sana jambo hilo, ingawa wenzangu wa sayansi hunicheka.

Kwa hiyo linalotenganisha halali na haramu ni idhini. Torvalds alisema: nakili. Mimi sikusema.

Laiti mambo yangeishia hapo, makala haya yangekuwa mafupi. Lakini kuna swali lililonisumbua usiku ule, nalo ni hili: kama nimenufaika kiasi hicho na ukarimu wa waandishi wa programu, kwa nini mimi mwandishi wa mwongozo nisiwe mkarimu vilevile? Mwandishi wa programu huria mara nyingi hulipwa na mtu mwingine. Kampuni kubwa huajiri wahandisi waishughulikie Linux kwa sababu biashara zao huitegemea. Vyuo vikuu huwalipa watafiti. Mwalimu anayeandika usiku baada ya kusahihisha insha 90 hana kampuni inayomlipa ili kitabu chake kiwe huru. Ana wanunuzi tu, na wanunuzi wakiisha, hataandika cha pili.

Tazama mifano ya hapa kwetu. Mnamo Februari 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika tarakilishi, kazi iliyofanywa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Idadi ya wagonjwa wa UKIMWI waliohitaji kufuatiliwa kwa miaka mingi ilipoongezeka, mfumo ule mdogo ulilemewa. Kuanzia 2004 mpya ukaanza kusanifiwa, ukaitwa OpenMRS, na mnamo 2006 ukaanza kutumika Eldoret. Ulitolewa kwa leseni huria. Baadaye Kenya ikajijengea juu yake mfumo wa KenyaEMR, unaotumika katika kliniki nyingi za nchi, na nchi nyingine nyingi zimeuchukua OpenMRS zikaurekebisha kwa mahitaji yao bila kulipa ada ya leseni. Muuguzi anayefungua faili ya mgonjwa katika zahanati ya mbali anatumia kazi iliyozaliwa katika bonde letu hili la Ufa. Ni walimu wangapi wa somo la tarakilishi wanaowaambia wanafunzi wao hivyo?

Wa pili ni Ushahidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilipowaka moto, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao waliunda kwa siku chache tovuti iliyopokea taarifa za vurugu kutoka kwa wananchi na kuziweka kwenye ramani. Sisi wa Nakuru hatuhitaji kukumbushwa mwisho wa Januari 2008. Nakumbuka tulivyokuwa tukilala kwa zamu, na nakumbuka kutojua kama barabara ya kwenda Naivasha ilikuwa salama. Programu ile ilitolewa iwe huria, na tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti mnamo Januari 2010, watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga Kenya waliichukua wakaitumia kutafuta walionaswa. Kama ingefungiwa kwa leseni ya kawaida, wangehitaji kwanza kuomba ruhusa, na aliyefukiwa na kifusi hana muda wa kungojea barua.

Kazi hizo mbili ziliwezekana kwa sababu kulikuwa na aliyegharimia chakula cha wafanyakazi: vyuo, wahisani, mashirika. Hoja yangu ni kwamba uhuru wa kunakili ni jambo jema pale palipo na aliyekwisha kumlipa mtunzi, na kwamba asipokuwepo, anayelipa ni mtunzi mwenyewe, apende asipende. Najua wapo watakaosema nimegeuka kwa kuwa safari hii kilichoibwa ni changu. Huenda wana haki.

Sasa tuitazame sheria. Mnamo 2019 Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Hakimiliki, likaingiza vifungu vinavyohusu kampuni za huduma za intaneti. Mwenye kazi akiona imewekwa mtandaoni bila idhini yake anaweza kuiandikia kampuni notisi, akaeleza ni kazi gani na iko anwani gani, akaambatisha hati ya kiapo au tamko la kuthibitisha kuwa ni yake. Kampuni nayo imjulishe aliyeiweka, kisha iifunge ndani ya saa 48 za kazi, isipokuwa ikipata notisi ya kupinga. Ukizihesabu hizo saa za kazi kwa saa 8 za kila siku, zinafika siku 6, muda unaotosha faili moja kuenea Kenya nzima na kurudi. Anayetoa notisi ya uongo au ya hila ametenda kosa la jinai, na hilo ni jambo jema.

Wenye nguvu walivielewa vifungu hivyo upesi. Mwaka uo huo wa 2019 MultiChoice iliwataka Safaricom na Jamii Telecommunications wazifunge tovuti zilizokuwa zikionyesha mechi bila idhini. Hazikufungwa, shauri likafika Mahakama Kuu, na mnamo 2022 mahakama ikaamuru zifungwe. Sina ubishi na uamuzi huo. Ninachouliza ni kama njia hiyo inapitika kwa mtu wa kipato changu. Nilijaribu kuifuata. Mwongozo wangu ulikuwa katika vikundi vya simu visivyokuwa chini ya kampuni yoyote ya Kenya; ulikuwa unapita kutoka mkono hadi mkono, kama ile diski. Nimtumie nani notisi? Wanafunzi wangu wenyewe? Na kila nilipopata anwani moja, nilihitaji kwenda kwa kamishna wa viapo, nilipe, na kufikia Ijumaa anwani nyingine 3 zilikuwa zimeota.

Kisha nikaonja upande wa pili wa panga hilo. Nilikuwa nimerekodi somo la video la dakika 40 kuhusu mbinu za lugha, likawekwa mtandaoni bure kwa watahiniwa wa kidato cha nne. Mtu nisiyemjua alilinakili, akaliweka kwa jina lake, kisha akalalamika kwa kampuni ya ng'ambo inayomiliki mtandao huo kwamba mimi ndiye niliyemwibia. Somo langu likaondolewa. Kampuni za Marekani hufuata sheria ya huko ya 1998, ambayo chini yake hata ukipinga, kazi yako hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Ilikuwa Oktoba. Somo liliporudi, karatasi ya pili ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kufanywa. Vijana waliolihitaji walikuwa wameshaingia ukumbini bila hilo somo, na hakuna mtu yeyote, ng'ambo wala hapa, aliyewajibika kwa hayo.

Naam, hiyo ndiyo kasoro kubwa ya mfumo wa notisi: umekabidhi kazi ya hakimu kwa karani wa kampuni, na karani akiwa na shaka hufunga kwanza, kwa kuwa akifunga kimakosa hapotezi chochote, ilhali akikosa kufunga yeye ndiye atakayeshtakiwa. Mtu mwenye mawakili hulishinda tatizo hilo. Mwalimu hungojea.

Lakini nisiilaumu sheria kwa yale tuliyoshindwa kuyasoma. Ni walimu wachache wanaojua kwamba sheria yetu huruhusu matumizi ya haki kwa utafiti, kwa matumizi binafsi, kwa uhakiki na kwa kuripoti matukio, bila kuomba idhini ya mtu, mradi chanzo kitajwe pale kinapohitajika. Inaruhusu pia kutia vifungu viwili vifupi vya kazi ya mtu katika mkusanyiko ulioandaliwa kwa matumizi ya shule. Mwalimu anayedondoa aya mbili na kuzichambua hana wa kumwogopa. Yule anayeipiga picha riwaya nzima na kuitupa katika kikundi cha wazazi wa darasa lake ni jambo jingine kabisa, na hatumsaidii kwa kumchanganya na wa kwanza.

Kuna jambo ambalo serikali ingeweza kulifanya bila kubadilisha hata kifungu kimoja. Tangu 2018 imekuwa ikinunua vitabu moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka katika shule za umma. Mlipa kodi ndiye anayelipa. Ikiwa basi kuna kazi ambayo umma umekwisha kuigharimia kikamilifu, kama vile mitaala, miongozo ya walimu na masomo yanayotayarishwa na wafanyakazi wa Taasisi ya Kukuza Mitaala, kwa nini isitolewe kwa leseni ya kuruhusu kunakili na kurekebisha? Mwalimu wa Baringo angeondoa mfano wa treni na kuweka wa mbuzi. Hapo mtunzi amelipwa, na ukarimu haumnyang'anyi mtu riziki.

Suala la maabara nalo limerudi mlangoni. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda. Mashine nyingi zilizoundwa kabla ya 2018 hazikubaliwi na Windows 11. Shule zenye mashine hizo zitanunua mpya, zitaendelea na mfumo usiolindwa, zitatafuta diski nyingine ya kuzunguka, au zitaweka Linux. Nimesikia wenzangu wakidai kwamba mwanafunzi aliyefunzwa kwa LibreOffice atatatizika kazini. Tukimfunza lahajedwali ni nini, hatatatizika. Tukimfunza mahali pa kubofya tu, atatatizika hata Microsoft yenyewe ikihamisha kitufe. Na kuna jambo la lugha. Mnamo Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Uswidi ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na hawakuhitaji kumwomba mtu. Katika shule zetu ni nadra kumpata aliyewahi kuisikia, na mwalimu wa Kiswahili bado hufungua maabara kwa kusema "file", "edit", "save".

Mwezi uliopita nilirudi katika kile kibanda. Nilikuwa nimeandaa toleo la pili la mwongozo, na safari hii nimeandika ukurasa wa kwanza kwamba sura 3 za mwanzo zinaweza kunakiliwa na kugawiwa na yeyote, mradi jina langu lisiondolewe na zisiuzwe, na sura zilizobaki ni za kununua. Nilimwonyesha kijana jalada, kisha nikamwonyesha kitambulisho changu, kile kile nilichotolea nakala siku ile. Alisoma jina mara mbili. Aliinuka, akashika kichwa, akaniomba msamaha kama mtoto aliyevunja sahani, nami nikamwambia akae.

Baada ya kutulia aliusoma ule ukurasa wa kwanza polepole, kisha akauliza: "Mwalimu, hizi sura tatu za bure, nikimtolea mwanafunzi kwa shilingi 5 ukurasa, hiyo ni kuuza kitabu au ni kuuza karatasi na wino?" Nimemwahidi jibu. Nimeshaisoma leseni mara nne, nimemuuliza wakili mmoja niliyekutana naye katika matatu, na bado sijarudi kumpa.